Mkunga Mtandaoni: Mwongozo kwa Wanaohudumia Wazazi na Wanaonyonyesha

Maswali mengi ya uzazi na kunyonyesha siku hizi hayasubiri siku ya kliniki. Mama aliyejifungua juzi, matiti yamejaa na mtoto hashiki chuchu, huandika swali lake usiku kwenye kundi la WhatsApp au chini ya video ya TikTok, na kabla hakujapambazuka ameshajibiwa na watu kadhaa: shangazi, muuza dawa za asili, mama wa watoto wanne, na pengine mkunga mmoja mwenye leseni. Majibu yote hayo huonekana kwa herufi za ukubwa uleule.

Anayehusika hapa ni huyo wa mwisho, pamoja na muuguzi wa wodi ya wazazi, mshauri wa unyonyeshaji, daktari wa kina mama na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mtoa huduma akishajitambulisha mtandaoni kwa taaluma yake, anahesabika yuko kazini, hata kama wakati huo amekaa kwenye daladala, simu ni yake na bando kalinunua mwenyewe. Miiko ya leba inamfuata huko.

Kumfikia mama kupitia simu ni jambo lililokuwapo kabla ya simu janja kuenea. Novemba 2012 Tanzania ilizindua kampeni ya Wazazi Nipendeni, ambapo mjamzito alituma neno "mtoto" kwenda namba 15001 na kuanza kupokea ujumbe wa bure kwa Kiswahili kulingana na umri wa mimba yake. Kila ujumbe ulikuwa mfupi, ulikuja wakati unapohitajika, na haukumgharimu kitu. Ukurasa wowote wa uzazi unaokosa sifa hizo, hata uwe na picha nzuri kiasi gani, unapoteza muda wa mama na bando lake.

Mahali pa kuanzia

Mtandao mmoja unaotunzwa vizuri ni bora kuliko mitano iliyotelekezwa. Uchaguzi wake uanzie kwa kina mama wenyewe: wako wapi, wanasoma au wanasikiliza, na wananunua bando la aina gani. WhatsApp ndiyo inayofika mbali zaidi Afrika Mashariki, kwa sababu hufanya kazi hata mtandao ukiwa hafifu na ujumbe wa sauti unamfaa mama asiyependa kusoma maandishi marefu. Facebook bado ina makundi makubwa ya wazazi. Instagram na TikTok huwapata wajawazito wenye umri mdogo, hasa wa mijini, wale wenye mimba ya kwanza na wasiothubutu kumuuliza mama mzazi. YouTube inafaa kwa somo moja refu linalotakiwa kudumu, kama vile namna ya kumweka mtoto kwenye titi au kukamua maziwa kwa mkono.

Nje ya YouTube, video isizidi dakika mbili. Iwe na maandishi ya Kiswahili chini yake, maana wengi huitazama sauti ikiwa imezimwa, mtoto amelala pembeni. Tena ielezee jambo moja. Video inayoanzia dalili za uchungu, ikapitia lishe na kumalizia na uzazi wa mpango haimsaidii mtu yeyote.

Jambo moja husahaulika sana: simu ya mama mara nyingi si ya mama peke yake. Mume huishika, wifi huishika, mtoto mkubwa huchezea michezo humo, na mama mkwe naye ana WhatsApp. Ujumbe wa kumkumbusha dawa, matokeo ya kipimo au swali kuhusu mimba iliyoharibika unaweza kusomwa na mtu ambaye mama hakuwahi kumwambia. Kwa hiyo kabla ya kumwandikia, mtoa huduma amuulize ana kwa ana kliniki: namba hii ni ya nani, nani mwingine anaisoma, na saa ngapi ni salama kupiga.

Jina, cheo na kibali

Ukurasa wa kazi utenganishwe na ule wa binafsi. Picha za harusi, ushabiki wa Simba na Yanga na mabishano ya siasa vibaki kwenye ule wa pili, ufunguliwe kwa marafiki tu, na wagonjwa wasikubaliwe humo kuwa marafiki. Hata hivyo utenganisho huo una kikomo: kwenye wilaya ndogo kila mtu anajua kwamba "Mama Fulani" wa Facebook ndiye sista wa zamu ya usiku, na maneno yake ya dharau kuhusu "wajawazito wachafu" yatafika wodini kabla yake.

Kwenye ukurasa wa kazi kiandikwe cheo halisi. Muuguzi asijiite daktari. Aliyehudhuria mafunzo mafupi ya unyonyeshaji asijiandike kana kwamba ana cheti cha kimataifa cha IBCLC, ambacho hupatikana kwa mtihani na saa nyingi za kazi ya vitendo. Tanzania, wakunga husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga; Kenya, na Baraza la Wauguzi. Mabaraza hayo yanaweza kupokea malalamiko kuhusu mwenendo wa mwanataaluma popote ulipotokea.

Mtumishi wa hospitali, ya umma au ya binafsi, hana mamlaka ya kusema kwa niaba ya kituo bila kibali cha maandishi. Nembo ya hospitali, sare na jengo likionekana nyuma yake, watazamaji watachukulia kwamba kituo ndicho kinachosema. Tanzania kuna suala jingine tena: kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizoanza mwaka 2018 na kurekebishwa baadaye, zinataka leseni kwa aina fulani za huduma za habari mtandaoni, hivyo anayefikiria kuanzisha televisheni ya mtandaoni ya uzazi aulize kwanza.

Siri ya mama

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Zote mbili zinaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Taarifa za VVU zina ulinzi wa ziada chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2006 na ya Tanzania ya mwaka 2008. Kwa upande wa adhabu, kielelezo kizuri hakitoki hospitalini: mwaka 2023 mamlaka ya ulinzi wa data ya Kenya iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wodi ya wazazi haina sababu ya kujiona iko salama zaidi kuliko shule.

Watoa huduma wanaovunja siri kwa kukusudia ni wachache. Siri nyingi huvuja kwa wema uliochanganyika na haraka, na mfano wake wa kawaida ni kadi ya kliniki. Mkunga wa zahanati anampokea mama mwenye presha ya 160 kwa 110 na anataka ushauri wa daktari wa wilaya mara moja. Anapiga picha ukurasa wa kadi na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la watumishi wa idara. Alichotaka kukionyesha ni mstari mmoja wa presha. Kilichotumwa ni jina kamili, kijiji, jina la mume, idadi ya mimba zilizoharibika, jibu la kipimo cha kaswende, na ile sehemu ya huduma za kuzuia maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, ambayo kila mtumishi wa idara anajua kuisoma. Kwenye kundi hilo wamo waliohamia wilaya nyingine, yumo aliyeacha kazi, na hakuna aliyekumbuka kuwaondoa. Picha inaingia kwenye hifadhi ya kila simu, na kwenye baadhi ya simu inapanda yenyewe mtandaoni. Kuifuta kwenye kundi baada ya nusu saa hakuirudishi.

Kwa dharura ya namna hiyo, simu ya kawaida kwa daktari ni ya haraka zaidi na haiachi picha. Ikilazimu kuandika, yaandikwe yale tu yanayohitajika kwa uamuzi, na yatumwe kwa mtu mmoja: "Mama, mimba ya tatu, wiki 36, presha 160/110, protini mbili, kichwa kinauma, haoni vizuri. Nimeanza magnesiamu salfeti, naomba rufaa." Hakuna jina, hakuna kijiji, na daktari ana kila anachokihitaji.

Kuficha jina pekee hakutoshi mtoa huduma anaposimulia kisa kwa umma. "Mama aliyejifungua mapacha watatu kituoni kwetu jana" hahitaji jina. Kata nzima inamjua. Kisa cha kufundishia kichelewe miezi, kiondolewe tarehe, mahali na umri, na kama bado kinamtambulisha mtu, kiachwe. Hata sifa zinaweza kuvujisha: kumpongeza mama hadharani kwamba mtoto wake "ametoka salama bila maambukizi" ni kumtangaza kwamba anaishi na VVU.

Picha za leba na za watoto

Idhini iliyotolewa katikati ya uchungu si idhini. Mama aliye leba atakubali chochote anachoombwa na mtu aliyemshika mkono, na wengi hudhani kwamba kukataa kutaharibu huduma. Picha ya kuwekwa hadharani iombwe kabla ya uchungu au siku kadhaa baadaye, kwa maandishi, ikielezwa itawekwa wapi, kwa muda gani, na kwamba anaweza kubadilisha mawazo. Akibadilisha, itolewe siku hiyohiyo bila kuulizwa sababu. Aliyeombwa na kukataa asiombwe tena.

Kwenye jamii nyingi za pwani, mzazi na mtoto hukaa ndani hadi arobaini, na mtoto mchanga haonyeshwi ovyo kwa kuogopa kijicho. Mkunga anayempiga picha mtoto wa saa mbili na kuiweka kwenye stetasi yake, hata kwa nia ya kushangilia, anaweza kuwa ameivunja heshima ya nyumba nzima, na bibi wa mtoto hatarudi kliniki kwake. Haidhuru kama mkunga mwenyewe haamini mambo ya kijicho.

Kabla ya kupiga picha yoyote kituoni, yaangaliwe yaliyo nyuma: ubao wenye majina ya wagonjwa, utepe kwenye mkono wa mtoto, faili lililo wazi, mama mwingine kwenye kitanda cha jirani. Simu nyingi pia huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Mpangilio huo uzimwe kwenye kamera.

Kwa mafunzo, mwanasesere na titi la kufuma kwa uzi vinatosha kabisa. Vinaonyesha mdomo unavyopaswa kufunguka, kidevu kugusa titi, na sehemu kubwa ya weusi kuingia mdomoni, wala hakuna mtu anayeaibika. Vinapunguza pia uwezekano wa video kuondolewa. Sera za Facebook na Instagram zinaruhusu picha za kunyonyesha, lakini picha hizo bado hufutwa kimakosa, na rufaa huchukua muda. Nakala ya kila somo ihifadhiwe nje ya mtandao.

Kuelimisha hadharani, kutibu kituoni

Hapa ndipo penye ugumu hasa. Mama anaandika inboksi: "Sista, mtoto wangu ana siku tatu, macho kama ya njano, hanyonyi vizuri," na chini yake kuna picha. Mkunga anamjua mama huyu, alimzalisha yeye mwenyewe, anataka kumtuliza. Picha hiyo haiwezi kumsaidia. Taa ya chumbani hubadilisha rangi, kila kamera ya simu ina namna yake ya kung'arisha ngozi, na manjano kwenye ngozi nyeusi huonekana vizuri zaidi kwenye weupe wa macho, viganja na nyayo, yaangaliwe kwa mwanga wa mchana. Atakayejibu "ni kawaida, mwanike juani" anaweza kumchelewesha mtoto ambaye alihitaji matibabu usiku huo.

Jibu linalofaa ni fupi, lina pole, lina hatua moja, na halitaji ugonjwa: "Pole sana dada. Mtoto wa siku tatu mwenye manjano na asiyenyonya vizuri hasubiri kesho. Mpeleke kituo cha karibu sasa hivi. Njiani mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, mfunike vizuri. Niambie uko kata gani nikuelekeze." Kisha mkunga apige simu kituoni kuwaarifu, na aandike kwenye kumbukumbu zake saa aliyoulizwa na alichojibu.

Dalili za hatari ziwekwe mahali zinapoonekana kila mama anapofungua ukurasa, bila kulazimika kushuka chini kuzitafuta. Kwa mjamzito na aliyejifungua: kutokwa damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege, homa, chupa kupasuka kabla ya wakati, mtoto kupunguza kucheza tumboni. Kwa mchanga: kukataa kunyonya, kulegea, degedege, mwili kuwa wa moto sana au wa baridi, na kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika. Tanzania, namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bure kuomba usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Namba hiyo na simu ya kituo ziwe juu ya ukurasa, pamoja na saa ambazo mwenye ukurasa hujibu.

Dozi ya dawa haiandikwi mtandaoni, hata ya panadoli ya mtoto. Wala majina ya dawa za kuongeza uchungu hayajadiliwi kwenye maoni. Dawa za namna hiyo, za hospitali au za mitishamba, zikitumika nyumbani zinaweza kupasua mfuko wa uzazi.

Mambo ya kawaida ya kunyonyesha yanaweza kufundishwa hadharani bila wasiwasi, na hapo ndipo mtandao unapofaa kuliko mahali pengine popote. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, anyonye maziwa ya mama pekee miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Mama anayesema maziwa hayatoshi aonyeshwe cha kuhesabu: baada ya siku ya 5, mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku na kuongezeka uzito anapata ya kutosha. Somo hilo moja, likirudiwa kila mwezi kwa sura tofauti, huwaepusha watoto wengi na kopo la maziwa lisilohitajika.

Kusahihisha bila kuaibisha

Uzushi wa mtandaoni kuhusu uzazi mara nyingi umesimama juu ya imani ya nyumbani, na imani ya nyumbani ina wenyewe. Mkunga anayeandika kwamba bibi zetu walikuwa wajinga atashangiliwa na wakunga wenzake tu.

Chukua kubemenda. Wengi Tanzania huamini kwamba mtoto anayenyonya hudhoofu iwapo wazazi wake watakutana kimwili au mama akishika mimba nyingine. Kuandika "hakuna kitu kama hicho" kunafunga mazungumzo. Linalosaidia ni kuanza na kile watu wanachokiona kweli: mtoto aliyeachishwa ghafla kwa sababu mama ana mimba mpya hupungua, huugua, na wakati mwingine hufa. Sababu ni kukosa maziwa na chakula cha kutosha, pamoja na magonjwa yanayofuata. Kutoka hapo somo linakwenda lenyewe kwenye uzazi wa mpango, na kwamba wanawake wengi wenye mimba isiyo na matatizo wanaweza kuendelea kunyonyesha. Linaweza pia kuelezea kinga ya mimba kwa kunyonyesha, ambayo inafanya kazi kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya maziwa ya mama tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Sharti moja likikosekana, njia nyingine itafutwe.

Vivyo hivyo kwa maziwa ya mwanzo yenye rangi ya njano, ambayo baadhi ya familia huyakamua na kuyamwaga kwa kudhani ni machafu. Video ya sekunde thelathini inayoonyesha kijiko kimoja cha chai, na maelezo kwamba tumbo la mtoto siku ya kwanza huhitaji kiasi kama hicho kwa mnyonyo mmoja, hufanya kazi kuliko aya nne za kinga za mwili.

Katika kusahihisha, jina la aliyeeneza uzushi lisitajwe na video yake isirudiwe. Kuirudia ni kuitangaza. Utangulie ukweli, uzushi utajwe mara moja tu, kisha ukweli urudiwe. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, mwenye VVU anayetumia dawa, aliyeshindwa kunyonyesha, na aliyepoteza mtoto wote wanasoma. Maneno kama "mama halisi" au "kujifungua kikawaida ndiyo ushujaa" yafutwe kabisa. Na kwa wenye VVU, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema mama anayetumia dawa vizuri anaweza kunyonyesha hadi miezi 24 au zaidi, kama akina mama wengine; ukurasa unaosema vinginevyo umepitwa na wakati.

Makampuni ya maziwa

Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vibadala vya Maziwa ya Mama ilipitishwa na Mkutano wa Afya Duniani Mei 1981. Inakataza kutangaza kwa umma maziwa ya kopo, chupa na chuchu za bandia, na kutumia wahudumu wa afya kama wapiga debe. Kenya iliiingiza kwenye sheria yake ya mwaka 2012. Tanzania ina kanuni zake, zilizofanyiwa mapitio mwaka 2013. Mwaka 1981 waandishi wa Kanuni ya Kimataifa walifikiria mabango na sampuli za bure. Hawakuijua Instagram, ingawa makatazo yao yanaihusu vilevile.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 iliangalia kurasa 264 za bidhaa za maziwa hayo na kukuta zinaweka machapisho takriban 90 kwa siku, yakifika kwa watumiaji milioni 229. Ripoti hiyo ilionyesha pia kwamba makampuni huwalipa watu wenye ushawishi mtandaoni, na huanzisha klabu za akina mama zinazoonekana kama msaada wa bure. Mei 2025 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kudhibiti utangazaji huo wa kidijitali.

Mkunga mwenye wafuasi elfu kumi ni mali kwa kampuni. Ofa haitakuja ikiwa na jina la rushwa. Itakuja kama semina ya bure mtandaoni, mchango wa bando kwa kundi, zawadi za kuchezesha kwa wafuasi, au ombi la "kujibu maswali ya akina mama" kwenye ukurasa wa kampuni. Zote zikataliwe, hata kama bidhaa inayotajwa ni ya watoto wa zaidi ya mwaka mmoja. Kopo la mtoto mkubwa hupewa rangi na nembo ya lile la mchanga, na mama hukumbuka rangi. Chupa isionekane hata kama pambo kwenye picha. Alama za mtoto anayelala na kinyonyo mdomoni, ambazo mitandao huzitoa bure, nazo ziachwe.

Wauza vidonge na chai za kuongeza maziwa wanastahili tahadhari ileile. Kinachoongeza maziwa ni titi kutolewa maziwa mara kwa mara, na hicho hakiuzwi. Kazi yoyote ya kulipwa ambayo mtoa huduma anaifanya kihalali, kama darasa la wajawazito au ushauri wa nyumbani, itangazwe wazi na bei yake, mbali na kliniki ya umma anayofanyia kazi.

Hayo hayamzuii mkunga kumsaidia mama ambaye mtoto wake anahitaji maziwa ya kopo kwa sababu za kiafya. Maelekezo ya kuyatayarisha kwa usalama hutolewa kwake peke yake, kituoni.

Kundi la WhatsApp la wazazi

Kundi liundwe kwa idhini ya kila mmoja, kwa sababu kumwingiza mtu ni kuionyesha namba yake kwa wote. WhatsApp inaruhusu wanachama 1,024. Mkunga mmoja hawezi kuwahudumia. Kundi la wajawazito ishirini au thelathini wanaotarajia miezi ya karibu huzungumza, hufahamiana, na huendelea kusaidiana mkunga akiwa zamu.

Kanuni ziandikwe kwenye maelezo ya kundi: hakuna matangazo ya biashara, hakuna kusambaza nje yaliyosemwa ndani, hakuna picha ya mgonjwa au kadi, na dharura hazitumwi kundini. Sharti hilo la mwisho lirudiwe kila wiki. Mwanachama akiandika kwamba anatokwa damu, msimamizi ampigie simu, asimjibu kwa maandishi mbele ya watu. Wasimamizi wawe wawili angalau, na saa za kujibu zijulikane. Usiku wa manane si saa ya kujibu. Mkunga aliyelala kwa saa tatu tu kwa sababu ya kundi ataingia leba asubuhi akiwa amechoka, na uchovu huo ataulipa mama mwingine.

Kukiwa na msiba au lawama

Mama au mtoto anapofariki, habari huweza kuenea mtandaoni kabla ndugu hawajaondoka hospitalini, mara nyingi na jina la mkunga aliyekuwa zamu. Kujitetea hadharani, hata kwa ukweli mtupu, kunahitaji kutaja mambo ya mgonjwa, na hilo haliruhusiwi. Mtoa huduma aliyetajwa anyamaze mtandaoni, ahifadhi picha za skrini za yaliyoandikwa, na amwarifu mkuu wa kituo na chama chake cha taaluma. Wenzake wasiingie kumtetea kwa kusimulia "kilichotokea hasa". Kituo kikiona ni lazima kusema, kiseme mara moja kupitia msemaji wake: kinatoa pole, kinachunguza, hakitajadili taarifa za mgonjwa.

Malalamiko ya kawaida, kama lugha chafu ya muuguzi au foleni ndefu, ni jambo jingine. Hayo yajibiwe kwa adabu na mlalamikaji apewe namba ya kupiga. Kuyafuta huyakuza.

Usalama wa simu na kukabidhi

Simu inayotumika kazini ifungwe kwa namba ya siri, na akaunti ziwekewe uthibitisho wa hatua mbili, kwa sababu matapeli hupenda kuteka namba zinazoaminiwa na kuomba pesa kwa jina la mwenye namba. Mazungumzo na wazazi yafutwe baada ya jambo kuhamishiwa kwenye faili la kliniki. Ukurasa wa kituo uwe na barua pepe na nywila za kituo, zisizo za mtumishi mmoja, ili akihamishwa usihame naye. Wafuasi waarifiwe nani anachukua nafasi, na anayeondoka atolewe kwenye makundi yote ya kazi siku anayokabidhi ofisi. Leseni ikiisha muda wake au mtu akiacha kazi ya ukunga, cheo hicho kiondolewe kwenye ukurasa wake.